Vipande Havikai: Kuunga Seti ya Zamani ya Ndege ya Plastiki

Swali: Shikamoo fundi. Mjomba ameniachia seti ya zamani ya Bristol Blenheim Mark IV, ndege ya kivita ya Uingereza, skeli ya 1/72 (yaani mfano ni mdogo mara 72 kuliko ndege halisi). Nimeshaunga seti kadhaa za kisasa na zilikaa vizuri tu, lakini hii imenishinda kabla hata sijaanza. Nikishikanisha nusu mbili za bodi, upande mmoja unapanda juu ya mwenzake. Mabawa nikiyachomeka kwenye matundu yake yanaacha mwanya unaoingia ukucha. Kioo cha pua ni kipana kuliko bodi, na stika zote zimegeuka njano. Nijaze puti kila mahali niendelee, au niiweke kando nitafute mpya?

Jibu: Marahaba. Usiiweke kando, na hiyo puti usiifungue kwanza.

Ukijaza puti kila mahali utapata ndege isiyo na mianya, lakini itakuwa imepinda, bawa moja liko juu ya jingine, na nusu ya nakshi zake zimeishia kwenye msasa. Kwenye seti za zamani, pengo unaloliona mara nyingi chanzo chake kiko mahali pengine kabisa. Bawa linaacha mwanya kwa sababu bodi ni nyembamba. Bodi ni nyembamba kwa sababu nusu zake zimejikunja kwa ndani. Kioo cha pua kinaonekana kipana kwa sababu hiyo hiyo. Nimesoma malalamiko yako mara mbili, na nashuku kwamba matatu kati ya hayo manne ni tatizo moja. Kazi ya seti kama hii ni kukitafuta chanzo kabla gundi haijagusa kitu chochote.

Inasaidia kujua kwa nini vipande hivi havikai. Seti za siku hizi huchorwa kwenye kompyuta, na kalibu ya chuma huchongwa na mashine inayofuata mchoro ule ule. Zamani kazi ilianzia kwenye sampuli kubwa, mara nyingi ya mbao, ambayo umbo lake lilinakiliwa na kupunguzwa kwa mashine ya pantografu, kisha mchongaji akamalizia kalibu kwa mkono. Kila hatua iliongeza kosa lake dogo. Halafu kuna plastiki yenyewe. Polistirini husukumwa ndani ya kalibu ikiwa ya moto, na ikipoa hunywea kwa karibu nusu asilimia. Ingenywea sawasawa kote pasingekuwa na neno, lakini sehemu nene hupoa polepole na kunywea zaidi kuliko sehemu nyembamba. Ndiyo maana unaona vibonyeo juu ya bawa, hasa pale ambapo upande wa ndani kuna pini au ubavu mnene. Na kipande kirefu kikitolewa kwenye kalibu kabla hakijapoa sawasawa, hupinda.

Kalibu nazo huchakaa, na zinaweza kutumika miongo kadhaa. Kampuni ya Frog ya Uingereza, ambayo mwaka 1936 ilianza kutoa seti za Penguin, za kwanza za ndege za plastiki, iliacha kutengeneza seti mwaka 1976. Kalibu zake nyingi zikaenda Umoja wa Kisovieti na kuendelea kutoa vipande vilivyouzwa kwa jina la Novo. Kalibu ya umri huo haifungi tena kama ilivyokuwa mpya. Plastiki hupenya kwenye kingo na kuacha utando mwembamba kuzunguka kipande, na nusu mbili za kalibu zikiteleza kidogo, kipande hutoka na ngazi ndogo ubavuni. Kwa hiyo usipoteze muda kujiuliza kama umepewa seti mbovu. Nyingi za umri huo ziko hivyo.

Sasa tuingie kazini. Osha vipande vyote kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sababu mafuta yaliyotumika kutoa plastiki kwenye kalibu hukataa rangi na gundi. Kata kila kipande ukiacha kisiki kidogo, kisha kimalize kwa kisu na msasa. Ule utando wa plastiki utoe wote, hata sehemu ambazo hazitaonekana, maana utando wa unene wa karatasi ukibaki ndani ya bodi unatosha kuzuia nusu mbili zisifunge.

Kisha chukua kisu ukate zile pini za kuelekezea, ukianzia kwenye bodi. Hapa wengi husita, kwa kuwa wamezoea seti za kisasa ambamo pini ndizo zinazoshika kila kitu mahali pake. Kwenye kalibu ya zamani, tundu na pini vilichongwa kwenye nusu tofauti na mara nyingi havielekeani. Ule upande unaopanda juu ya mwenzake ninaamini unasukumwa na pini. Ukishazikata, unaweza kuzilinganisha nusu mbili kwa jicho na kwa kidole, ukianza na sehemu inayoonekana zaidi, yaani mgongo wa ndege, na kuacha tofauti yoyote iende tumboni.

Kinachofuata ni kusawazisha kingo za bodi. Tandaza msasa namba 400 juu ya kipande cha kioo, uulowanishe, kisha laza nusu ya bodi juu yake na uisugue kwa mwendo wa mviringo, bila kukandamiza. Baada ya mizunguko michache inua utazame kwenye mwanga. Sehemu zilizoguswa zitakuwa zimefifia, na zile ambazo bado zinang'aa ndizo mabonde. Endelea mpaka ukingo wote ufifie kwa mstari mmoja usiokatika, kisha simama hapo hapo, kwa sababu kila msuguo wa ziada unaipunguza bodi upana, na yako tayari ni nyembamba. Kazi hii haichukui muda mrefu, na itakuokoa saa nyingi za kujaza na kusugua baadaye.

Kama nusu ya bodi imepinda, itumbukize kwenye maji ya moto yasiyochemka, ishike kwa muda, ipinde taratibu kuelekea upande unaotaka kupita kidogo mahali pake, kisha itie kwenye maji baridi ukiwa bado umeishikilia. Rudia kuliko kulazimisha. Polistirini hulainika kabisa inapokaribia nyuzi 100, na maji yanayotokota yanaweza kukuharibia bawa jembamba kabla hujalitoa. Vipande vya kioo usivitie humo kamwe.

Sasa funga ndege nzima kwa tepu ya karatasi, bila gundi: bodi, mabawa, mkia, na vioo vyote. Usiruke kioo kwa kudhani ni kazi ya mwisho. Chukua rula. Blenheim IV halisi ilikuwa na upana wa mabawa wa mita 17.17, hivyo kwenye skeli ya 1/72 ncha hadi ncha inapaswa kuwa kama milimita 238. Urefu wake ulikuwa mita 12.98, ambao ni milimita 180. Vipimo hivi vinakuamulia jambo ambalo jicho haliwezi. Mwanya wa milimita moja kila upande wa bodi unaweza kufungwa kwa kuongeza plastiki, kwa kuitanua bodi, au kwa kusogeza bawa ndani. Ikiwa upana wa mabawa umezidi, bawa lisogezwe ndani, na kinacholizuia ni kishikizo chake (ule ulimi unaoingia kwenye tundu la bodi) au ukingo wa tundu. Ikiwa upana uko sawa, basi bodi ndiyo iliyopungua. Milimita mbili zinaonekana kidogo, lakini kwenye ndege halisi ni zaidi ya sentimita 14.

Kwa jinsi ulivyoeleza, kioo kipana na mwanya mabawani, mimi ningeanza na kuitanua bodi. Chukua kijiti kutoka kwenye fremu iliyobeba vipande, ukikate kwa urefu unaotaka, ukisimamishe ndani ya bodi kama boriti kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Weka kimoja karibu na mbele ya bawa, kimoja nyuma yake, na kimoja nyuma tu ya pale kioo cha pua kinapokaa. Kata kila kijiti kirefu kidogo, jaribu, punguza, jaribu tena, huku bodi imefungwa kwa tepu na kioo kimekaa mahali pake. Utaona upana unafunguka na mwanya wa bawa unafunga wenyewe. Kazi hii inafanyika kabla ya kufunga bodi tu. Baada ya hapo huwezi kufika ndani, na ndiyo maana nimekusisitizia kioo kiwepo tangu mwanzo.

Ukiona mwanya wa juu ya bawa bado haujaisha, kuna njia ambayo naipenda kuliko zote. Usiunge bawa kwanza halafu ulichomeke kwenye bodi kama maelekezo yanavyosema. Chukua nusu ya juu ya bawa peke yake, kata kishikizo chake, uiunganishe na nusu ya bodi kutoka upande wa ndani ikiwa bado wazi. Hapo unaweza kusogeza bawa mpaka mshono wa juu ufunge kabisa, ukaweka gundi kwa ndani, ukaimarisha kwa kipande cha plastiki bapa. Fanya hivyo pande zote mbili, ziache zikauke usiku kucha, ndipo ufunge bodi, na mwisho uweke nusu za chini za mabawa. Mwanya wowote uliobaki utakuwa chini, ambako ni rahisi kuurekebisha na hauonekani sana. Hatari ya njia hii ni mwinuko wa mabawa, maana hakuna tena kishikizo cha kuuongoza. Kata vipande viwili vya kadibodi ngumu vinavyolingana kabisa, kwa urefu unaotoka kwenye mchoro wa ndege ukiitazama kwa mbele, na mabawa yalale juu yake mpaka gundi ikauke.

Kabla ya kuweka hizo nusu za chini, tazama ukingo wa nyuma wa bawa. Katika seti za zamani kila nusu huwa nene mno hapo, zikikutana zinafika milimita moja au zaidi, ambayo kwenye ndege halisi ingekuwa ukingo wa sentimita saba. Sugua upande wa ndani wa kila nusu, karibu na ukingo huo tu, mpaka plastiki ianze kupitisha mwanga. Usisugue nje. Sioni kazi nyingine ndogo inayobadilisha sura ya seti kuukuu kiasi hiki.

Kuhusu gundi: ile nyepesi kama maji haigandishi plastiki, inaiyeyusha, na pande mbili zinakuwa kitu kimoja. Hii ni faida kubwa kwako. Kwenye mishono ya bodi, paka, ngoja kidogo, paka tena, kisha bana taratibu mpaka plastiki iliyoyeyuka itokeze mstari mwembamba juu ya mshono. Uache siku nzima au mbili, kisha usugue. Mshono umejazwa kwa plastiki yake yenyewe, hautapasuka na hautaonekana chini ya rangi.

Pengo likibaki baada ya hayo yote, lijaze kwa plastiki kabla ya kufikiria kitu kingine. Plastiki bapa ya milimita 0.25 au 0.5 ikatwe, isukumwe kwenye mwanya pamoja na gundi, na ikikauka ikatwe sambamba na uso. Kwa mianya isiyo na umbo, yeyusha vipande vya fremu ndani ya kichupa cha gundi nyepesi mpaka uji uwe mzito, upake, na uupe siku kadhaa ukauke. Usiupake mwingi juu ya plastiki nyembamba, utaibonyeza. Supaglu nayo hujaza vizuri, ila isugue ndani ya saa chache. Ikilala siku nzima inakuwa ngumu kuliko plastiki iliyo pembeni yake, na msasa utachimba plastiki na kuacha tuta la gundi.

Puti ya tyubu ibaki kwa mikwaruzo na vibonyeo vidogo, ipakwe tabaka jembamba jembamba, kwa sababu hunywea dawa yake inapoyeyuka hewani. Pale bawa linapokutana na bodi, ambapo msasa unakula nakshi za pande zote mbili, tumia puti ya epoksi ya kuchanganya sehemu mbili. Ibandike, kisha ilainishe kwa kidole au brashi iliyolowa maji kabla haijakauka. Ziada yote inafutika na hutahitaji msasa kabisa.

Sugua kwa maji, ukianza na namba 400, kisha 600, halafu 1000. Maji yanazuia vumbi lisipeperuke ukalivuta, na msasa hauzibi. Gundi na rangi vitumie penye hewa inayopita.

Utakutana na swali la mistari. Kwenye seti za umri huu mistari inayoonyesha maungio ya mabati imetokeza juu, pamoja na ribiti, na kila unaposugua mshono inafutika. Watu wengi wanashauri kusugua ndege nzima na kuchonga mistari upya ya kuzama. Sikubaliani nao kwa seti ya kwanza ya namna hii. Kuchonga mistari iliyonyooka juu ya bodi ya mviringo ni kazi inayohitaji mkono uliozoea, na mstari mmoja uliokwenda kombo unaonekana kuliko mistari kumi iliyofutika. Bakiza iliyopo kwa kuikinga na tepu unaposugua jirani yake. Palipofutika, chukua kijiti cha fremu, kipashe juu ya mshumaa bila kukigusisha moto, kikianza kulegea kivute kiwe uzi mwembamba, ukate na kuubandika kwa tone la gundi nyepesi mahali pa mstari uliopotea. Ukikauka pitisha msasa mkuukuu juu yake mara moja au mbili. Ukitaka kuchonga hata hivyo, jizoeze kwanza kwenye mabaki, tumia sindano iliyoshikwa kwenye kishikio, tepu ngumu nene kama kiongozi, na upitishe mara nyingi bila nguvu.

Sasa pua, maana kwenye Blenheim IV ndiyo inayovuta macho. Mark IV ilirefushwa pua ili mwelekeza njia apate nafasi, na rubani akapoteza uwezo wa kuona mbele vizuri. Waundaji wakaukata upande wa juu wa kushoto wa pua ukashuka chini, hivyo pua hiyo haina ulinganifu kulia na kushoto. Nimeona watu wakijaza sehemu hiyo puti wakiamini ni kosa la kalibu. Usifanye hivyo. Kwa ujumla, kabla hujaita kitu kosa, tafuta picha za ndege halisi ulinganishe.

Kioo chenyewe kisuguliwe kidogo iwezekanavyo, rekebisha bodi ikifuate. Polistirini angavu ni kavu zaidi na hupasuka ukiikata kwa koleo, kwa hiyo itoe kwenye fremu kwa msumeno mwembamba. Kikikwaruzika, msasa namba 2000 na zaidi kwa maji, kisha dawa ya kung'arishia, hurudisha uangavu. Kibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka huwa angavu na hujaza mianya midogo. Supaglu usiisogeze karibu, mvuke wake hufanya ukungu mweupe ndani ya kioo, na ukishafunga huwezi kuufuta. Nafurahi pia kwamba ndege hii hukalia mkia, kwa hiyo huna haja ya kutafuta nafasi ya uzito ndani ya pua yenye vioo kila upande.

Puliza praima ya kijivu, nyembamba, halafu ishike ndege chini ya taa inayotoka ubavuni. Mwanya ambao kidole kilikuambia haupo utajitokeza. Rekebisha, puliza tena hapo tu. Tarajia kurudia hatua hii kuliko ulivyozoea kwenye seti za kisasa, hasa tumboni na nyuma ya magamba ya injini. Ila chagua pa kuishia. Mshono wa mgongoni, wa mabawa juu, na wa pua ninaushughulikia mpaka uishe. Ndani ya vyumba vya magurudumu, ambako hakuna atakayetazama, naacha kama palivyo.

Stika za njano si lazima zitupwe. Zitie kwenye mfuko angavu usiopitisha unyevu, uzibandike dirishani zikielekea jua. Mwanga unaondoa umanjano taratibu, kwa siku kadhaa au wiki kadhaa. Kisha kata moja usiyoihitaji, itie majini. Ikivunjika vipande, pulizia karatasi nzima tabaka la vanishi angavu, ngoja ikauke, na baada ya hapo kata kila stika kwa kufuata ukingo wake, kwa sababu vanishi imeziunganisha zote kuwa ngozi moja. Zikivunjika hata baada ya vanishi, zile duara za jeshi la anga la Uingereza unaweza kuzipaka mwenyewe: kata tepu kwa bikari yenye wembe, anza na rangi ya nje, malizia na ile nyekundu ya katikati. Namba na herufi ndogo ndizo utakazolazimika kununua.